Nyumba Isiyo na Bega

Ukisema kwetu mlimani kwamba umetoka Lusahunga, hakuna atakayekuuliza ulikuwa unafanya nini huko. Wanajua. Walijua hata kabla hujashuka kwenye pikipiki na mabegi yako na watoto wako wawili. Mwanamume akirudi kutoka Lusahunga, alikwenda kutafuta maisha. Mwanamke akirudi kutoka Lusahunga, ametoka Lusahunga, basi, habari yake imeisha hapo.

Mimi nilikuwa napika. Sisemi hivi ili kujitetea, maana kujitetea nilishaacha, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilipika ugali, maharage na nyama ya mbuzi kwenye kibanda cha mama mmoja pale njia panda, malori yanaposimama kabla ya kuendelea Rusumo. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa moshi tangu asubuhi mpaka jioni, na kuna watu kwetu waliodai kwamba wekundu ule ni wa pombe. Watoto wangu wote wawili niliwazaa huko, na baba yao ni mmoja. Naomba hilo lisikike: mmoja. Alikuwa utingo wa lori.

Nilimpenda kwa macho yangu mwenyewe. Hakuna aliyenidanganya, hakuna aliyenilazimisha. Alikuwa na kicheko kizuri, na kila safari akifika alishusha sabuni na mafuta ya kula bila kuombwa, nami nikaona hapa nimefika. Halafu siku moja lori lake likaja na utingo mwingine. Nikamuuliza mwenzake yuko wapi. Akaniambia amehamia njia ya Tunduma. Hiyo ndiyo habari ya mwisho niliyoipata ya mume wangu, kama alikuwa mume. Kwa hiyo wanaosema nilichagua mwenyewe, wanasema kweli. Nilichagua. Sijawahi kukutana na mtu aliyechaguliwa mume na jirani yake akapata bora kuliko mimi, lakini hayo ni mengine.

Tukaambiwa vibanda vyote vya kando ya barabara vipishe. Yule mama mwenye kibanda akarudi kwao Biharamulo, na mimi nikarudi kwetu Ngara, upande wa Kibimba, kwenye kilima nilichozaliwa. Wazazi walikuwa wameshafariki. Kaka yangu akanipa kipande cha shamba kule chini, mwisho wa migomba, penye nyumba ya udongo aliyokuwa akihifadhia mahindi. Migomba yenyewe ilikuwa imeshambuliwa na mnyauko, inakauka imesimama. Kaka si mtu mbaya. Alinipa alichoweza, na mke wake akanipa jembe na maneno.

Sasa nieleze kuhusu ingobyi, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka.

Kilima chetu hakifikiwi na gari. Kuna njia ya miguu inayoshuka mpaka kijitoni, halafu inapanda upande wa pili mpaka barabarani. Kiangazi pikipiki inapita kwa shida. Masika hata mbuzi anafikiria mara mbili. Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kutembea anabebwa kwenye ingobyi, ambayo ni machela ya fito na kamba za kusuka, wanaume wanne mabegani na wengine wanne au zaidi nyuma kwa ajili ya kupokezana. Wazee wetu walibebana hivyo, na sisi tunabebana hivyo. Kila nyumba inatoa bega moja. Filimbi ikilia kwa mwenyekiti, kila nyumba inamtoa mwanamume wake, awe anakula, awe anaoga. Nyumba inayotoa bega, siku yake ikifika nayo inabebwa. Kanuni nzuri kabisa. Hata leo, pamoja na yote, siwezi kusema ni kanuni mbaya.

Mjane hadaiwi bega. Huyo anabebwa kwa amri ya Mungu. Mke ambaye mume wake yuko mbali kikazi naye anabebwa, kwa sababu mume atarudi na atabeba. Niliporudi mimi, ikabidi kikundi kikae baada ya misa, uwanjani pale kigangoni, kujadili mimi ni nani.

Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja fundi wa kuezeka, mwenye koti la kijivu na sauti ya upole kupita kiasi. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Watu wa namna hiyo wanaogopesha, kwa sababu wakishasema jambo huna pa kushika ili ugombane nao.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani. Sasa, hii nyumba yako tuiweke wapi?"

"Kwa wajane, mzee. Sina mume."

Wakatazamana. Mwanamume mmoja aliyekaa kwenye jiwe akasema bila ubaya wowote, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto, "Mjane amefiwa. Huyu hakufiwa. Huyu alijitakia."

Alijitakia. Neno hilo lilizunguka uwanjani watu wakilikubali kwa vichwa. Nikamtazama kaka yangu, na yeye akawa anakwangua tope kwenye kiatu chake kwa kijiti.

Nikasema, "Basi nitabeba mwenyewe. Bega ninalo."

Wakacheka. Hakikuwa kicheko cha chuki, kilikuwa kicheko cha watu waliochekeshwa. Kwetu mwanamke habebi ingobyi. Anafuata nyuma na maji na nguo za mgonjwa. Inasemekana mwanamke akiingia chini ya mti wa ingobyi, mgonjwa harudi. Wanawake ndio waliocheka zaidi, na mmoja akaniambia, "Dada, si ungemfunga kamba huyo utingo, leo angekuwa hapa anabeba?" Na mimi nikacheka, maana ningefanyaje.

Mwenyekiti akasubiri kicheko kiishe. "Harafu," akasema, kwa ule ulimi wetu wa huku, "mtoto wa kiume unaye. Bado mdogo, lakini atakua. Wewe vumilia. Kwa sasa tafuta bega."

Tulipofika nyumbani binti yangu, yule mkubwa, akaniuliza: "Na mimi je? Mimi sikui?"

Huyo binti. Nimekuwa nikizunguka ili nisifike kwake.

Wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakikuwa na faida yoyote duniani: aliweza kumwiga mtu yeyote. Alimwiga mwalimu wake anavyovuta suruali. Alimwiga mke wa kaka akionja mboga. Aliyemwiga vizuri kuliko wote alikuwa mwenyekiti wa ingobyi. Alijifunga kitenge mabegani kama koti, akainamisha kichwa, akasema kwa upole unaoua, "Mwanangu, hilo tutalizungumza Jumapili." Kwa sababu mzee yule kila ukimpelekea jambo, jibu lake ni hilo. Mdogo wake binti alikuwa akigaragara chini kwa kucheka. Na mimi nilikuwa nagombeza, halafu naingia ndani nacheka peke yangu.

Bega nililipata. Kule bondeni kulikuwa na Msukuma mmoja aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, yeye na mkewe. Hakuwa kwenye kikundi cha ingobyi kwa sababu alikuwa mgeni, na yeye mwenyewe alisema watu wa kwao wakiugua wanapandishwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Tukakubaliana. Mimi nitampalilia mke wake mahindi na mihogo, naye filimbi ikilia ataitika kwa ajili ya nyumba yangu. Nikapalilia mashamba mawili, langu na lao, na jioni mgongo ulikuwa haunyooki. Lakini nilikuwa na bega kama watu wengine.

Alikuwa mrefu mno. Mara ya kwanza alipobeba, upande wake uliinuka na mgonjwa akateleza akawaangukia wafupi. Wakagombana naye njia nzima. Baadaye wakagundua kwamba kwenye mteremko akiwekwa upande wa chini, ingobyi inakaa sawa kama kitanda cha hospitali, na tangu hapo wakawa wanamtafuta kwanza yeye. "Leteni bega la Lusahunga," walikuwa wakisema. Na mimi niliposikia hivyo nilifurahi, kumbe ndivyo mtu anavyozoea kudharauliwa, anafikia kufurahia dharau ikiwa na kicheko ndani yake.

Mwaka wa pili, maharage yakiwa yameanza kutoa maua, ng'ombe wa Msukuma wakaingia shambani kwa mtu. Kikao kikaitishwa, serikali ya kijiji ikatoa amri: wenye mifugo waiondoe mpaka mavuno yaishe. Akaswaga ng'ombe wake kwenda Nemba, kwa ndugu zake huko Biharamulo, mke akabaki kulinda nyumba. Kabla ya kuondoka alipita kwangu.

"Dada, mimi nitarudi," akasema. "Wewe ongea na wazee mapema."

Nikaongea nao mapema. Siku ile ile nikapanda kwa mwenyekiti.

"Bega lako limehama na ng'ombe," akasema, akatabasamu kidogo. "Haya mambo yanatokea, mwanangu. Tutalizungumza Jumapili."

Jumapili hiyo padri alikuja na watu wakabaki na padri. Iliyofuata kulikuwa na msiba kilima cha pili. Iliyofuata ikanyesha tangu asubuhi. Katikati ya hizo Jumapili filimbi ikalia mara mbili, mara ya kwanza kwa babu mmoja aliyepooza, mara ya pili kwa mama aliyekuwa akijifungua. Mara zote mbili nilikwenda mwenyewe, nikafuata nyuma na ndoo ya maji kichwani mpaka barabarani na kurudi. Hilo halihesabiwi. Baada ya mara ya pili mwenyekiti akanipitia nyumbani, kwa heshima zote, akakataa hata kukaa, akaniambia kwamba kwa kuwa nyumba imekosa mara mbili mfululizo, kwa utaratibu, imewekwa pembeni. "Pembeni kidogo tu," akasema. "Mpaka tukae."

Kaka nilipomwambia alikasirika, lakini hasira yake ikakosa njia ikarudi kwangu. "Ungekuwa na mume haya yote yasingekuwepo."

"Ningekuwa na mume ningekuwa na mume," nikamjibu. Tukaishia hapo.

Usiku nilikuwa najiuliza, na bado najiuliza, ni kipi ambacho ningefanya sikukifanya. Nililima. Sikuomba chakula kwa mtu. Watoto walikwenda shule na sare zilizofuliwa. Jumapili nilikwenda misa, nikakaa kwenye benchi wakati wenzangu wanapanga foleni ya komunyo, maana aliyezaa bila ndoa hapokei, na wale wanaopita mbele yangu kurudi kwenye nafasi zao walinitazama kama mtu aliyefungiwa duka. Watu husema masikini awajibike. Mimi nilitafuta bega, nikalilipia kwa mgongo wangu, na bega likafukuzwa kijijini kwa amri. Niwajibike kwa ng'ombe pia?

Binti alianza kuumwa tumbo siku ya Jumatano. Alikuwa amefikisha miaka kumi na minne, yuko darasa la saba, amenizidi urefu. Nikadhani ni mambo ya kike, nikampa maji ya moto. Jioni nikaenda dukani nikapata dawa ya minyoo. Alhamisi asubuhi alikuwa hawezi kujinyoosha. Nilipomgusa tumbo lilikuwa gumu, na alipiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwa mtoto huyo, mtoto wa kucheka. Nikamtuma mdogo wake akamwite kijana wa pikipiki. Kijana akaja mpaka alipoweza, akapanda kwa miguu, tukajaribu kumketisha binti mlangoni tu kuona kama ataweza kukaa, akazimia kidogo. Kijana akasema, "Mama, huyu mimi simpakii. Ataniangukia kule kwenye utelezi. Huyu ni wa ingobyi."

Nikapanda kwa mwenyekiti nikikimbia. Na yeye, nisimsingizie, alitoa filimbi papo hapo akapiga.

Wanaume wakaja. Walikuja haraka, wengine na majembe mikononi, wakasimama uwanjani kwangu. Ingobyi yenyewe waliiegemeza ukutani. Halafu mmoja akauliza, "Kumbe ni nyumba hii? Hii si iliwekwa pembeni?"

Waliokuwa wakiisogelea ingobyi wakasimama.

Nataka kuwatendea haki, kwa hiyo nitasema walichosema. Mmoja alisema, "Mtoto ana kosa gani?" Mwingine akasema hakuna aliyesema mtoto ana kosa, lakini mwaka jana mdogo wake yeye alibebwa kwa shida kwa sababu nyumba nyingi zilikuwa zinajificha filimbi ikilia, na ndiyo maana tukaweka utaratibu. Yule aliyesema alijitakia alikuwa anatazama mawingu. Mwingine akasema, "Leo tukibeba bila kukaa, kesho kila mtu atakaa kwake na atabebwa." Mwenyekiti akasema, "Jamani, hakuna anayekataa kubeba. Tunachotafuta ni utaratibu." Na wote walikuwa na sababu. Ukimchukua mmoja mmoja, ukamkalisha, ukamsikiliza, alikuwa na sababu.

Kaka yangu akasema, "Mimi nabeba." Akaenda akashika mti wa mbele. Akasimama nao peke yake. Ingobyi haiinuki kwa bega moja, na yule mtu aliyesimama ameshika mti mmoja huku miti mingine iko chini, ni kaka yangu, na tangu siku hiyo sijamdai tena neno lolote.

"Kama ni ndugu yake, tuseme amebeba kwa nyumba ya dada yake," mtu akasema. "Je, nyumba yake yeye mwenyewe leo imetoa nani?"

Wakaanza kujadili hilo.

Niliingia ndani. Binti alikuwa amelala kwa ubavu, magoti yamegusa kifua, jasho limelowesha mto. Alikuwa anasikia yote, ukuta wenyewe ni wa fito na udongo. Akanitazama. Akainamisha kidevu, akaifanya ile sauti, dhaifu lakini ileile, upole mtupu:

"Tutalizungumza Jumapili."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, na yeye akataka kucheka tumbo likamzuia. Halafu nikamgeuzia mgongo, nikainama, nikamwambia anishike shingo. Nikamfunga kwa vitenge viwili. Bibi mmoja mjane, jirani yangu wa juu, yule ambaye hadaiwi bega, alikuwa ameshaingia bila kuitwa. Akachukua kikapu cha nguo. Tukatoka mlangoni tukapita katikati ya wanaume.

"Mama, subiri kidogo," mwenyekiti akasema. "Tunamalizia."

Nikaendelea kushuka. Kama ningefungua mdomo ningemtukana mzee wa watu, na nilikuwa nahitaji pumzi.

Mteremko niliuweza. Bibi alitangulia, akawa ananionyesha pa kukanyaga kwa fimbo yake. Miguu ya binti ilikuwa inaburuta kwenye tope kwa sababu ya urefu wake, na kila nikiteleza alitoa sauti ndogo shingoni kwangu, kisha anasema, "Pole, mama." Mimi ndiye nampa maumivu, yeye ndiye anasema pole. Tulivuka kijito maji yakiwa magotini. Upande wa pili nikapanda hatua chache, nikateleza, nikarudi chini. Nikapanda tena, nikateleza. Mara ya tatu magoti yalikataa, nikakaa kwenye tope na mtoto mgongoni, na bibi naye akaketi pembeni akanishika mkono, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya. Mvua ikaanza. Nilitukana pale. Nilimtukana utingo, nikaitukana Tunduma, nikajitukana na mimi. Binti hakusema kitu tena.

Ndipo tukawasikia wanakuja mbio. Walikuwa wamekubaliana. Wamekubaliana wabebe, halafu suala la nyumba yangu liletwe Jumapili. Mwenyekiti alinieleza hayo huku wakimhamishia mtoto kwenye ingobyi, akihema, mzee wa watu, amekimbia mteremko mzima na koti lake.

Na walibeba vizuri. Sitawanyima hilo. Walipanda kile kilima kwenye utelezi bila kumtikisa, wakipokezana bila kusimama, yule aliyemtaja mdogo wake akitangulia na yule wa alijitakia akiwa mti wa nyuma, shingo imemtoka mishipa. Ukiwaona ungesema hakuna watu wema kama hawa duniani. Mimi nilikuwa nakimbia nyuma na kikapu, nikiwaona, na nikasema hivyo moyoni. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba walikuwa wanaweza.

Barabarani tulipata gari. Hospitalini muuguzi wa mapokezi akaanza kuuliza, na swali la pili lilikuwa: "Baba wa mtoto yuko wapi?" Nikasema hayupo. Akainua macho akanitazama kuanzia tope la miguuni mpaka kichwani, akasema, "Ndiyo maana mnakuja mmechelewa. Mnazaa tu." Mwenzake akamwambia anyamaze. Wakamwingiza binti ndani.

Daktari alikuwa kijana, mwenye adabu. Aliniita pembeni Ijumaa mchana. Alisema kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka na sumu imesambaa, walijitahidi, binti hakuamka kutoka kwenye dawa ya usingizi. Nikamuuliza kama ni siku ya Jumatano ndipo nilipotakiwa kumleta. Akasema hata jana asubuhi ingefaa. "Mngewahi kidogo tu, mama," akasema. Aliona uso wangu akajutia kusema, akaniletea kiti. Nilikaa kwenye kile kiti nikapiga hesabu ya maneno yote yaliyosemwa uwanjani kwangu, nani alianza, nani alijibu, na kila neno nililiona ni dakika.

Gari la maiti lilitufikisha barabarani Jumamosi. Nilikuwa na kaka, na nilikuwa nafikiria tutamwita nani, filimbi itapigwaje, nyumba yangu ikiwa pembeni.

Walikuwa pale tayari. Wanaume wa kilima kizima, na wa kilima cha pili, hata wale waliokuwa wakijificha filimbi ikilia. Wamesimama kwenye mstari kando ya barabara, kofia mikononi, ingobyi imetandikwa shuka jeupe. Msukuma naye alikuwepo, amesikia habari Nemba, amekuja kwa pikipiki za kudandia, miguu yake mirefu imechanganya vumbi la huko na tope la huku. Wakamweka upande wa chini kama kawaida. Hakuna aliyeuliza ni nyumba gani. Hakuna aliyeuliza bega la nani. Maiti haidaiwi utaratibu. Binti yangu alishuka mteremko na kuvuka kijito na kupanda kwetu akiwa amelala sawa kama kitanda cha hospitali.

Tulimzika Jumapili, baada ya misa. Wanawake waliimba, na kati ya wimbo na wimbo nilisikia nyuma yangu, "Angekuwa na baba, huyu mtoto angekuwa hai." Aliyesema alikuwa analia kweli, machozi yanamtiririka. Mwingine akamjibu, "Ndiyo hivyo, ukijitakia." Mdogo wake binti alikuwa amesimama ananishika kitenge, na wanaume waliokuwa wakipita walimgusa begani mmoja mmoja.

Mwisho mwenyekiti akasimama kwa niaba ya kikundi. Alisema maneno mazuri. Alisema mtoto alikuwa na adabu na bidii. Alisema ingobyi yetu haibagui, tajiri na masikini, mwenye mume na asiye na mume, wote ni wetu. Watu wakaitikia. Nilimtazama akisema kwa ile sauti, kichwa kimeinama, na nikageuka kumtafuta binti nione kama ameona, maana angemwiga jioni ile ile.

Kwa desturi yetu, baada ya hapo mwanamume wa nyumba ya msiba anasimama kuwashukuru wabebaji. Watu wakamtazama kaka yangu. Akaanza kunyanyuka, na mimi nikamshika mkono nikamkalisha, nikasimama mwenyewe. Nilikuwa na maneno mengi. Niliyapanga tangu hospitali, na mengine yalikuwa ya matusi. Nikawaona walivyokaa, mabega yao yamelowa jasho na tope la kaburi, nyuso zao zina huzuni, huzuni ya kweli, na nikaona hakuna hata mmoja pale anayedhani kwamba amefanya jambo lolote.

"Asanteni," nikasema. "Leo mmewahi."

"Ni wajibu wetu, mama," mwenyekiti akaitikia kwa upole, na wengine wakarudia baada yake, ni wajibu wetu, kisha wakachukua majembe yao wakaanza kuondoka, maana mawingu yalikuwa yamekusanyika tena.